Chemchemi Thelathini na Saba na Profesa wa Chile

Dolna Lipa, 3 Februari 2023

Binti yangu Zornitsa,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu jambo lenyewe ni zito, na tukiongea kwa simu mama yako hunidakia maneno. Mimi ni mzima. Atakuambia nimelala kitandani siku tatu. Ni kweli, lakini si ugonjwa. Ni hasira.

Manispaa imechapisha kijitabu cha historia ya mji, jalada linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ukurasa wa 44 umeandikwa hivi: "Dolna Lipa iliingia kwenye mtandao mwaka 2006, manispaa ilipofungua tovuti yake." Mwaka 2006, Zornitsa. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshauchoka mtandao. Tovuti yangu ya Chemchemi za Dolna Lipa ilifunguliwa tarehe 11 Machi 1999, saa kumi na dakika ishirini jioni, na wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu ukinung'unika kwamba unataka simu, maana mtandao ulikuwa ukipita kwenye laini hiyo hiyo.

Nilikwenda ofisini kwao. Kijana wa habari akasema, "Basi tuonyeshe, Mwalimu." Nimwonyeshe nini? Kampuni iliyokuwa ikitupa nafasi ya bure ilifunga mwaka 2009, na chemchemi zangu thelathini na saba zikazama nayo, pamoja na ramani, picha na kitabu cha wageni, ule ukurasa walimoniandikia wasomaji. Yule kijana akanipigapiga begani. "Haya, Mwalimu, tuseme ilikuwepo." Hivyo ndivyo anavyoambiwa mtoto aliyesema ameona dubu uani.

Wewe unakula kwa kutengeneza tovuti za watu. Nitengenezee yangu. Sitaki nzuri, naitaka ile ile. Katibu wa jumba la utamaduni amekubali kuionyesha ukutani tarehe 24 Mei, Siku ya Maandishi, mbele ya watu wote.

Baba yako,
Metodi


Varna, 12 Februari 2023

Mjomba Asparuh, shikamoo,

Samahani kwa kukuvamia na barua baada ya kimya kirefu. Najua wewe na baba, ingawa ni majirani, hamsemeshani tangu mwaka 2000, na sababu yake naijua: aliandika kwenye tovuti yake kwamba chemchemi namba kumi na mbili, aliyoijenga babu yako, ni ya mwaka 1931, na nyinyi mnasema ni ya 1911. Sikuandikii kuamua kesi hiyo.

Mama ameninong'oneza kwamba wewe, enzi hizo ulipounda kompyuta yako kwa vyuma vilivyotupwa na kiwanda, ulikuwa ukihifadhi kurasa za mtandao kwenye disketi ili uzisome laini ya simu ikikatika. Je, ulihifadhi chochote cha baba? Hata ukurasa mmoja. Ninazikumbuka nyota tu, na ule wimbo uliokuwa ukianza wenyewe.

Baba hajui kwamba nimekuandikia.

Zornitsa


Dolna Lipa, 20 Februari 2023

Mwanangu Zornitsa,

Marahaba. Ndani ya kifurushi kuna mkebe wa biskuti wenye disketi kumi na nne. Ziweke mbali na sumaku na mbali na mbwa. Tovuti ya baba yako imo yote, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka siku aliyoiacha. Usiniulize kwa nini nilihifadhi yote. Fundi umeme huhifadhi kila kitu.

Lakini nina sharti moja. Usirudishe kitabu cha wageni.

Nikikaa kimya utagundua mwenyewe, basi bora nikuambie. Profesa Eusebio Lagos wa Chile, mtaalamu wa maji ya ardhini, aliyemwandikia baba yako miaka minne kwenye kile kitabu, ni mimi.

Nilianza kwa ubaya. Baada ya ule ugomvi nilitaka mtu msomi wa mbali amwambie kwamba namba kumi na mbili ni ya 1911. Jina nililipata kwenye kopo la matunda. Nikaandika mistari mitano ya kumchoma. Baba yako akajibu kurasa mbili, kwa adabu, na ushahidi, na mwishoni akamuuliza Profesa hali ya hewa ya kwao. Sikujua hali ya hewa ya Chile. Ikanibidi niende maktaba. Nikajibu, naye akajibu. Ndivyo tulivyokwenda.

Hatua ishirini kutoka dirisha langu mpaka lake. Nilikuwa nikimwona akivaa miwani ili asome nilichoandika.

Asparuh


Varna, 14 Machi 2023

Baba,

Zimepatikana, usiniulize zilikuwa kwa nani. Tovuti nimeiunda upya. Fungua kwenye kompyuta ya mama ile anwani niliyoiandika chini. Nyota zipo. Yule mfanyakazi wa kuchorwa anayechimba kwa koleo kuonyesha kwamba ukurasa bado unajengwa yupo, na bado hajamaliza. Maandishi yanayokimbia kutoka kulia kwenda kushoto yanakimbia. Tufe linazunguka, bahasha inapiga mbawa, na kihesabu wageni kinasoma 41,318 kama ulivyokiacha.

Kazini kwangu wamekusanyika kuitazama. Bosi ameuliza ni mteja gani mgonjwa.

Zornitsa


Dolna Lipa, 19 Machi 2023

Binti yangu,

Nimeitazama. Nashukuru. Sasa sikiliza makosa.

Moja, njano. Njano yako ni ya mtu mwoga. Yangu ilikuwa ikimfanya msomaji apepese macho. Iongeze mpaka uone aibu, hapo ndipo penyewe.

Pili, maandishi yanakimbia mno. Yalikuwa yakitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Tatu, na hili ndilo kubwa: picha zinafunguka papo hapo. Nimebofya chemchemi ya nne, ikanirukia usoni yote. Hapana. Picha ilikuwa ikiteremka mstari kwa mstari kutoka juu. Kwanza anga. Unangoja. Halafu matawi. Mama yako analeta kahawa. Halafu jiwe la juu lenye maandishi, na wewe umeinama mbele kuona kama maji yanatoka au yamekauka. Dakika nne nzima. Mtu aliyengoja dakika nne kuona chemchemi aliipenda ile chemchemi. Wewe unampa bure, atakwenda zake.

Nne, kitabu cha wageni kiko wapi? Chemchemi zote ningeweza kuzipiga picha tena. Maneno ya Profesa Lagos siwezi kuyapiga picha tena. Kirudishe.

Baba


Varna, 26 Machi 2023

Mjomba Asparuh,

Miaka kumi na tano nimelipwa kufanya kurasa zifunguke haraka. Wiki hii nimekesha nikifundisha ukurasa kuchelewa, na si rahisi; kompyuta za siku hizi hazijui kungojesha mtu. Nimefika dakika tatu na sekunde hamsini.

Lakini sikuandikii hilo. Baba anadai kitabu cha wageni. Ana sentensi za Profesa kichwani, anamsomea mama wakati wa chakula. Nikisema kimepotea, moyo utamvunjika, na nitakuwa nasema uongo ilhali ninacho mezani.

Na nimekisoma chote. Samahani. Ule ujumbe wa Novemba 2003, Profesa anaposema amemzika mke wake. Ni Shangazi Stoyna?

Zornitsa


Dolna Lipa, 1 Aprili 2023

Mwanangu,

Ni Stoyna. Mama yako alikuja mazikoni, baba yako alisema ana mafua. Jioni ile sikuwa na mtu wa kumwambia ambaye angenijibu kwa urefu, basi nikamwandikia yeye. Alimjibu Profesa kurasa tatu. Nimezichapa ninazo. Hilo tuliache hapo.

Rudisha kitabu. Ni miaka ishirini, nani atachunguza.

Asparuh


Dolna Lipa, 8 Aprili 2023

Binti yangu,

Kitabu cha wageni kimerudi na njano imekuwa njano. Tangu juzi nimetoka kitandani, nimenyoa ndevu, na nimezunguka chemchemi tisa kwa miguu kuona zipi bado zinatoa maji.

Nimeamua jambo. Tutamwalika Profesa Lagos kwa tarehe 24 Mei. Atalala chumba chako cha zamani. Mama yako ameanza kupaka rangi. Ataona namba kumi na mbili kwa macho yake. Na yule jirani yetu mwenye kichwa cha jiwe nitamkaribisha pia, akae mstari wa mbele, asikie mtaalamu wa dunia anasemaje. Profesa alianza upande wake, lakini nilimshawishi kufikia mwaka 2002.

Wewe unajua kutafuta watu mtandaoni. Mtafute. Mwambie Metodi anamngoja.

Baba


Varna, 9 Aprili 2023

Mjomba,

Naambatisha nakala ya barua ya baba. Mama anapaka rangi chumba. Tufanyeje?

Z.


Dolna Lipa, 13 Aprili 2023

Zornitsa,

Nimefikiri siku mbili. Kusafiri hawezi, kuandika tena hawezi maana baba yako atataka simu. Profesa akibaki hai, baba yako hatatuacha. Profesa inabidi afe.

Sema amefariki kwa amani, usingizini, akiwa na miaka themanini na tisa. Usimpe maradhi, baba yako ataanza kuuliza dawa. Familia kubwa, mazishi mazuri. Sema alimtaja Metodi. Hapana, usiseme. Au sema.

Ametulazimisha, mwanangu. Nasikitika kidogo, sikutarajia.

Asparuh


Varna, 17 Aprili 2023

Baba mpendwa,

Nimemtafuta Profesa Lagos kama ulivyoniagiza. Pole sana. Amefariki tarehe 14, usingizini, nyumbani kwake, miaka themanini na tisa. Familia inasema alikuwa akikutaja.

Zornitsa


Dolna Lipa, 21 Aprili 2023

Binti yangu,

Nimeipokea. Nilikaa kwenye benchi la uani mpaka mama yako akaja kunitafuta.

Nimechapisha matangazo ya msiba, thelathini, kwa utepe mweusi juu. Yako kwenye nguzo zote, mlango wa posta, duka la mikate na kituo cha basi. Picha yake sikuwa nayo, nikaweka lile tufe linalozunguka, ingawa kwenye karatasi halizunguki. Nimeandika: "Profesa Eusebio Lagos, rafiki wa maji yetu. Hakuwahi kutuona, lakini alitujua."

Arobaini yake nimehesabu, inaangukia tarehe 24 Mei yenyewe. Mama yako atapika ngano ya marehemu, ile ya kuchemsha inayogawiwa watu wa arobaini, na baada ya kuonyesha tovuti nitasoma barua zake mbele ya watu. Hata yule jirani nimemtia tangazo mlangoni kwake. Nilitaka ajue ni mtu wa aina gani aliyetutoka.

Baba


Dolna Lipa, 25 Aprili 2023

Zornitsa,

Nimefungua mlango asubuhi nikajikuta nimekufa. Limebandikwa kwa gundi ya kweli, si pini. Nimejaribu kulibandua likachanika, sasa limebaki "afiki wa maji yetu."

Muuza mikate ameniuliza kama nilimfahamu marehemu. Nikasema kidogo. Akasema watu wazuri hawadumu. Nikanunua mkate nikaondoka.

Baba yako amevaa kitambaa cheusi mkononi. Anatembea mtaani hivyo. Watu wanampa pole na anapokea, na mimi napita upande wa pili wa barabara nikitazama viatu vyangu. Nilidhani itakuwa inachekesha. Kuna nyakati inachekesha.

Tarehe 24 sitakwenda.

Asparuh


Dolna Lipa, 25 Mei 2023

Zornitsa,

Nilikwenda.

Mama yako ameniambia una homa na hukuweza kuja, basi nakuandikia ilivyokuwa, kabla hujasikia kwa wengine.

Ukumbi ulijaa. Nilikaa mstari wa nyuma karibu na mlango. Tovuti ilipotokea ukutani, ukubwa wa nyumba, njano ile, watu walijikinga macho kwa mikono. Wimbo ukaanza wenyewe, na katibu akakimbia huku na huku akitafuta pa kuuzima, hakupaona. Baba yako akabofya chemchemi ya saba. Picha ikaanza kuteremka. Mwanzoni walicheka. Halafu wakatulia. Ilipofika kwenye jiwe, kina mama wa mbele wakaanza kubishana ni ipi, mmoja anasema ile ya chini ya kanisa, mwingine anasema hapana, ni ya kwa Ganyo. Maji yalipoonekana ukumbi mzima ulipiga makofi. Kijana wa manispaa alisimama akasema kijitabu kitachapishwa upya. Baba yako aliinamisha kichwa kama mfalme.

Angeishia hapo. Lakini ngano ilikuwa mezani na mshumaa unawaka. Akavaa miwani akasema atasoma ujumbe mmoja tu, ili tujue moyo wa Profesa. Akachagua ule wa Novemba 2003.

Akasoma hivi: "Rafiki Metodi, leo nimemzika mke wangu. Aliagiza asivalishwe viatu, kwa kuwa maisha yake yote vilimbana. Tumemzika na ndara zake nyekundu za sufu."

Zornitsa, mji huu una watu elfu mbili. Nusu yao walikuwapo tulipomzika Stoyna. Wote waliziona zile ndara, zilizungumzwa mwezi mzima, na kasisi alininunia kwa sababu hiyo. Walianza kugeuka mmoja mmoja kunitazama, mstari kwa mstari, kuanzia mbele.

Baba yako alikuwa anaendelea kusoma. Aliona hakuna anayemtazama yeye. Akanyanyua macho. Mama yako akamwambia polepole, lakini ukumbi wote tulisikia, "Metodi, zile ndara nilizifuma mimi. Nilimpa Stoyna."

Akavua miwani. Akanitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa na bakuli la ngano mkononi, kijiko kimoja mdomoni, na sikuweza kumeza wala kutema.

Akafunga faili lake, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Ndivyo ilivyokuwa. Sijui nifanye nini.

Asparuh


Dolna Lipa, 26 Mei 2023

Zornitsa.

Ulijua?

Baba yako


Varna, 29 Mei 2023

Baba,

Nilijua tangu Februari. Disketi zote ni za Mjomba Asparuh. Kila ukurasa wako alikuwa nao, hata ule wa makosa ya chapa uliokaa siku moja ukaufuta. Kumuua Profesa kulikuwa wazo letu sisi wawili, na mimi ndiye niliyekuandikia uongo kwa mkono wangu. Nikasirikie mimi.

Nakuomba jambo moja. Yeye anayo majibu yako ya Novemba 2003, kurasa tatu, ameyachapa. Wewe umeyasoma tena hivi karibuni?

Zornitsa


Dolna Lipa, 3 Juni 2023

Binti yangu,

Nimeyasoma.

Siku nne nilikuwa na hasira, nakiri. Nilibandua matangazo yote ya barabarani mwenyewe, na ile gundi ni mbaya kweli. Watu walinisalimia kwa sauti ya chini. Kwenye duka la mikate mtu mmoja alitaka kucheka, muuza mikate akamtazama, akaacha.

Nilitaka kumwandikia jirani barua ya kumwonyesha alivyo mwongo. Nikatafuta uongo wake ndani ya kitabu ili niuorodheshe. Hali ya hewa ya Chile, uongo. Chuo kikuu, uongo. Ng'ombe watatu aliosema anawafuga, uongo. Halafu nikafika Novemba na sikupata hata neno moja la uongo.

Unajua niliandika nini kwenye zile kurasa tatu? Nilimwambia mtu wa upande wa pili wa dunia kwamba asikae peke yake. Nilimwandikia: "Bila shaka una jirani. Mruhusu aje akae nawe." Kisha nikazima kompyuta, nikafunga pazia la upande wa kwake kwa sababu taa ya jikoni yake ilikuwa inawaka na ilikuwa inanisumbua.

Sina mafua leo. Wala siku ile sikuwa nayo.

Baba


Dolna Lipa, 12 Juni 2023

Mwanangu Zornitsa,

Jumamosi, saa tano asubuhi, jua kali la kukaanga yai, nilikuwa nafunga waya wa mzabibu nikasikia mtu anakohoa langoni. Baba yako. Suti nyeusi, tai, jasho linamtiririka. Ana maua mkononi, na niliyahesabu: manne, kama inavyotakiwa kwa msiba. Hakugusa lango. Alisimama nje kama mtu wa kutoka mji mwingine.

Nikamwambia, "Umekuja kuzika nani tena?"

Akasema, "Nimekuja kukupa pole ya Stoyna."

"Umechelewa miaka ishirini, Metodi."

"Niliituma," akasema. "Ilipitia Chile."

Sikutaka kucheka, nakuapia. Nilishika nguzo ya mzabibu. Yeye naye alikaza uso, kidevu kinamtetemeka, na sijui nani alianza. Mama yako alitoka kwenye ngazi zao na kijiko mkononi akidhani tunapigana.

Nikamfungulia. Maua tukayatia kwenye mtungi. Nilimpa rakia ya mirabela, pombe yangu kali ya plamu ndogo, akaisifu, kitu ambacho Metodi hajawahi kufanya. Juu ya namba kumi na mbili tulijadiliana kama dakika kumi. Mimi bado nasema 1911, yeye bado ni mpumbavu, na tukaliacha.

Kisha akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akauliza ilikuwaje. Nikauliza, ilikuwaje nini? Akasema, "Mwisho wake. Profesa hakunieleza, na mimi sikumuuliza."

Nikamweleza. Kuanzia asubuhi ile alipoanguka jikoni, na hospitali, na mkono wake ulivyokuwa mwepesi, na alivyoniagiza habari ya viatu huku akicheka. Nilizungumza mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye miguu yetu. Hakunikatiza hata mara moja, na wewe unamjua baba yako.

Wako,
Asparuh